Gazeti la 1869, wino wa zingefuri na siku ya soko Nyangwe

Mmenizoea nikiandika hapa juu ya hifadhidata, seva na programu. Leo ni zamu ya historia, ila msihame: tarakilishi zimo ndani yake, na msimbo kidogo pia.

Mjini Blantyre, Uskoti, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, kuna makumbusho yanayohifadhi karatasi zake. Miongoni mwazo ni kurasa za gazeti la London liitwalo The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869. Mtu aliligeuza gazeti hilo upande, akaandika kwa mkono juu ya habari zilizochapwa, mistari yake ikikatiza ile ya gazeti kama mtande na mshindio. Mtu huyo ni Livingstone mwenyewe. Mahali ni Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Maniema nchini Kongo. Mwaka ni 1871.

Karatasi hizo zilikaa zaidi ya miaka 130 bila mtu kuweza kuzisoma sawasawa. Wino ulikuwa umefifia, na maandishi ya gazeti yakaumeza. Ndipo mwaka 2010 zikapigwa picha kwa mbinu ya mwanga wa rangi nyingi, picha zikapitishwa kwenye tarakilishi, na maneno yakarudi.

Ninachotaka tukione pamoja ni hiki. Habari ya mauaji ya Nyangwe ambayo dunia iliisoma katika karne ya 19 ilikuwa toleo la tatu. Toleo la kwanza lilikuwa kwenye gazeti lile, na lilirudi kwa njia ya taa na hesabu. Nasi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulisoma, maana lugha yetu ilifika Nyangwe pamoja na misafara ya pwani, na siku ile ya mauaji bunduki zilikuwa mikononi mwa watu wa misafara hiyo.

Kwa nini aandike juu ya gazeti?

Livingstone aliingia bara mwaka 1866 kutafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani Lualaba ndio Nile. Leo tunajua kwamba ni sehemu ya juu ya mto Kongo, lakini yeye alifariki akiwa bado na tumaini lake. Kufikia 1871 alikuwa mgonjwa, watu wake wengi wamemwacha, na vifaa vyake vimeibwa au kuchelewa njiani. Mwezi wa Februari mwaka huo, akiwa Bambarre, alifikiwa na watu kumi waliotumwa kutoka Unguja na balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk. Hawakuwa watu huru. Walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi, Mabaniani, na tangu mwanzo hawakuelewana na Livingstone. Wakumbukeni watu hawa kumi, tutawarudia.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani. Alitaka mitumbwi ya kushuka mto. Hakupewa. Alikaa miezi akingoja, na karatasi zikamwishia, wino pia ukamwishia. Kwa hiyo akachukua alichokuwa nacho: magazeti ya zamani na karatasi nyingine zilizokwisha kutumika. Wino akatengeneza kwa rangi ya mbegu za mmea wa huko, rangi ya kutilia nguo, ambayo yeye aliiita Zingifuré.

Msomaji wa pwani hapo atatabasamu. Neno ni letu: zingefuri, rangi nyekundu, na kwetu mti unaotoa rangi hiyo huitwa mzingefuri. Wakulima wa Kwale wanaujua zaidi kwa jina la biksa, na mbegu zake huuzwa kwa kutia rangi vyakula. Sidai kwamba mmea wa Nyangwe ulikuwa huo huo, maana jina la rangi husafiri kuliko mti wenyewe. Lakini aliyewahi kuacha kitambaa chenye rangi ya mbegu juani anajua tatizo la rangi za namna hii. Jua na miaka huzila. Wino uliochapa gazeti la London ulikuwa wa masizi, na masizi hayafifii. Kwa hiyo kila mwaka uliopita uliipa nguvu sauti ya London na kuinyima ile ya Nyangwe.

Siku ya soko

Nyangwe ilikuwa na soko kubwa. Waliofika wengi walikuwa wanawake, kutoka ng'ambo zote mbili za mto, wakiwa na samaki, vyungu, muhogo, chumvi, kuku. Livingstone alipenda kwenda kuwatazama, na aliandika mengi juu ya soko hilo. Hata makabila yaliyokuwa yakigombana, soko liliheshimiwa.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni. Wafuasi wa mfanyabiashara mmoja mkubwa, Dugumbe bin Habib, waliingia na bunduki zao. Ubishi ukazuka juu ya kuku, kisha risasi zikaanza kulia katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa imebanana kwenye hori, na kundi jingine la watu wenye bunduki likawafyatulia hapo hapo. Wengi waliruka majini wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Siku hiyo hiyo vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto.

Livingstone alishuhudia. Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe kurudi Ujiji, na huko ndiko Henry Morton Stanley alikomkuta mwaka ule. Stanley alirudi na barua na daftari zake, na habari za Nyangwe zikasomwa Uingereza mwaka 1872. Zilikuja wakati shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa ya bahari ya Hindi lilikuwa limekwisha kupamba moto, nazo zikaliongezea kuni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Livingstone hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei mwaka huo huo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, pamoja na maandishi yake.

Matoleo matatu

Hapa wenzangu wa programu mtaona jambo mnalolijua. Habari ya Nyangwe ina matoleo matatu.

1. Shajara ya safarini, iliyoandikwa palepale mwaka 1871, kwa zingefuri juu ya gazeti.
2. Daftari kubwa, ambamo Livingstone alinakili shajara zake kwa wino mzuri na mwandiko wa kusomeka, akirekebisha alipoona panafaa.
3. Kitabu cha Last Journals, kilichotoka London mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kikiwa kimehaririwa na rafiki yake Horace Waller.

Dunia ilipewa toleo la tatu. Wanahistoria wenye bidii walisoma la pili. La kwanza lilikuwapo wazi kabatini, halikufichwa na mtu, ila halikusomeka. Ni kama mradi wa programu ambao una toleo lililotolewa kwa watumiaji, lakini historia ya mabadiliko imeandikwa kwenye diski iliyoharibika. Unaona matokeo tu, huoni kilichofutwa.

Mbinu ilikotoka

Kusoma maandishi yaliyofutika ni tamaa ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 msomi wa Kiitalia Angelo Mai alikuwa akipaka kemikali kwenye ngozi za zamani ili maandishi yaliyokwanguliwa yatokeze. Yalitokeza. Aliokoa sehemu kubwa ya kitabu cha Cicero juu ya dola kilichodhaniwa kimepotea. Lakini kemikali ile iliendelea kula ngozi baada ya yeye kumaliza kusoma, na waliomfuata walikuta madoa meusi. Aliyefuata hakuweza kusoma upya ili kumhakiki.

Mwanga haufanyi hivyo ukitumiwa kwa kiasi. Mapema katika karne ya 20 watu walianza kupiga picha maandishi ya kale kwa miale ya urujuanimno, ile iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau ambayo jicho halioni. Ngozi ikipigwa na miale hiyo hung'aa kidogo, na mahali palipokuwa na wino hubaki giza.

Kisha ikaja hatua kubwa kutoka mahali ambapo wengi hawakutarajia: setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972 kuipiga dunia picha kwa rangi kadhaa kwa mpigo, zikiwemo za infraredi, zile za ng'ambo ya rangi nyekundu. Yeyote aliyefanya kazi na ramani za misitu au mazao hapa Kenya anaijua hesabu yake. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi. Chukua tofauti ya picha hizo mbili, gawanya kwa jumla yake, na msitu unajitenga na udongo. Sasa badala ya msitu weka wino, badala ya udongo weka karatasi. Hesabu ni ile ile.

Kazi iliyoifanya mbinu hii ijulikane ni kitabu cha Archimedes. Katika karne ya 10 mwandishi fulani alinakili kazi za mwanahesabu huyo kwenye ngozi. Mwaka 1229 ngozi hizo zilikuwa zimekwanguliwa, zikageuzwa, zikaandikwa kitabu cha sala. Mwaka 1906 msomi wa Kidenmaki, Heiberg, alisoma alichoweza kwa macho na picha za kawaida. Mwaka 1998 kitabu kiliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 2, na mnunuzi, ambaye hakutaka kutajwa, akakikabidhi kwa jumba la makumbusho la Walters, mjini Baltimore, kichunguzwe. Wataalamu kama Roger Easton, Keith Knox na William Christens-Barry walipiga kila ukurasa kwa mianga tofauti. Kwa mwanga mwekundu wino wa Archimedes ulitoweka, ukabaki wa sala. Kwa urujuanimno zote mbili zilionekana. Wakaiweka picha ya kwanza katika nafasi ya rangi nyekundu, na ya pili katika nafasi za kijani na bluu. Sala ikatokea nyeusi na Archimedes akatokea mwekundu. Jicho la msomi likaweza kuchagua.

Na kuna jambo jingine walilolifanya ambalo kwangu lina uzito kama ule wa kamera. Tarehe 29 Oktoba 2008, miaka kumi kamili baada ya mnada, waliziweka data zote kwenye intaneti, bure, pamoja na maelezo ya kila faili. Si picha nzuri za kuchapwa gazetini tu, bali zile ghafi pia.

Hesabu yenyewe

Timu iliyoshughulikia Livingstone iliongozwa na Adrian Wisnicki, mtaalamu wa fasihi, na ndani yake walikuwamo Easton, Knox na Christens-Barry wale wale. Kurasa zilipigwa picha Edinburgh, kwenye Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ukurasa unalazwa chini ya kamera gizani. Taa za LED zinawaka moja baada ya nyingine, kila moja na rangi yake finyu, kuanzia urujuanimno, kupitia bluu, kijani na nyekundu, hadi infraredi. Kamera na karatasi hazisogei. Mwisho unapata rundo la picha za ukurasa mmoja, na kila pikseli badala ya namba tatu ulizozoea ina namba kumi na zaidi.

Tufanye mfano. Namba hizi nimezitunga mwenyewe ili kuonyesha njia. Tuseme kipimo ni kuanzia 0, giza kabisa, hadi 255.

- Karatasi tupu: bluu 180, infraredi 200.
- Chapa ya gazeti, yaani masizi: bluu 30, infraredi 35.
- Zingefuri: bluu 90, infraredi 195.

Masizi humeza mwanga wote, unaoonekana na usioonekana. Zingefuri humeza bluu, ndiyo maana tunaiona nyekundu, lakini infraredi inaipita kana kwamba haipo. Sasa:

    safi = bluu / infraredi

Karatasi inatoa 0.90. Chapa inatoa 0.86. Zingefuri inatoa 0.46. Mmeona? Gazeti na karatasi sasa zinakaribiana, kwa hiyo habari za London zinazama. Mwandiko wa mkono unabaki peke yake, mweusi juu ya weupe.

Tatizo liko pale wino unapokatiza herufi ya gazeti. Hapo bluu inaweza kuwa 16 na infraredi 35, ambayo nayo ni 0.46, jibu sahihi. Lakini kosa dogo la kihisi cha kamera, la namba mbili tu, linaifanya 16 kuwa 18, na jibu linaruka hadi 0.51. Kosa hilo hilo kwenye karatasi tupu hulioni kabisa. Ndiyo maana kamera lazima iwe nzuri, picha lazima zisisogee hata pikseli moja, na ndiyo maana watu hawaishii kwenye kugawanya. Wanatumia pia hesabu inayochukua namba zote za kila pikseli na kutafuta upande ambao tofauti ni kubwa zaidi, kisha ule unaofuata, na unaofuata. Wanafunzi wa takwimu mnaijua. Mara nyingi mwandiko uliofifia hujitokeza kwenye picha ya tatu au ya nne, si ya kwanza.

Nimeijaribu kazi hii kwenye tarakilishi yangu kwa picha nilizopakua, na nawahimiza nanyi mjaribu. Kuna raha ya ajabu kuona aya ya matangazo ya biashara ya London ikififia na chini yake mkono wa mtu ukianza kuandika. Halafu unasoma neno la kwanza na raha inakwisha, maana unajua alikuwa wapi alipoandika.

Kilichorudi

Shajara ilitolewa kwa umma tarehe 1 Novemba 2011, na picha zake pamoja na maandishi yaliyonukuliwa, kwenye tovuti, bila malipo.

Tukio lenyewe halikugeuka. Soko, bunduki, mitumbwi, mto, vyote vimo. Anayetaka kusema kwamba mauaji yalitungwa hapati msaada wowote humo. Kilichobadilika ni nafasi ya mwandishi na ya watu wake. Katika kitabu cha 1874 Livingstone ni shahidi aliyesimama kando, mwenye hasira ya haki, na watu wake wako upande wa kuokoa. Katika shajara mambo hayajapangwa hivyo. Siku zile amechanganyikiwa, anawalaumu watu wake waliotoka Unguja kwa maneno makali, na mwenendo wao hauelezwi kwa usafi ule wa kitabuni. Wisnicki na wenzake waliona hapo dalili kwamba huenda baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe walihusika katika fujo ya siku ile, na kwamba aliponakili alilainisha.

Nasisitiza neno huenda. Hiyo ni tafsiri ya watafiti, si hukumu ya mahakama, na mtu mwingine akisoma kurasa zile zile anaweza kupima tofauti. Lakini ndiyo maana ya kurudisha toleo la kwanza. Kabla ya 2011 hapakuwa na cha kupima. Sasa ubishi una karatasi.

Na tuwe waadilifu kwa wale watu kumi wa Mabaniani. Kitabuni wanaonekana wakaidi, waongo, waoga. Walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kumtumikia mtu aliyekuja kuipinga biashara ya watumwa. Hakuna aliyewapa karatasi waandike upande wao. Taa zote za Edinburgh haziwezi kuleta maandishi ambayo hayakuandikwa.

Vivyo hivyo wale wanawake wa soko. Majina ya wafanyabiashara wakubwa tunayo. Bei ya kuku waliyogombania karibu tuijue. Jina la mwanamke mmoja aliyezama Lualaba siku hiyo hatuna. Mbinu hii ni kali, lakini inafanya kazi pale tu ambapo mtu aliwahi kuweka wino. Nawaomba wanaoisifu wakumbuke hilo, nami najiambia hilo hilo.

Je, kwetu?

Kwanza, tahadhari ya fundi. Picha iliyopitishwa kwenye hesabu si ushahidi peke yake. Ukizungusha vipimo vya kutosha utaona herufi mahali penye doa. Kwa hiyo kila picha iliyosafishwa lazima ifuatane na ile ghafi, na iandikwe ilisafishwa kwa hesabu gani, kwa namba zipi, lini. Miradi ya Archimedes na Livingstone ilifanya hivyo, na ndiyo sababu mimi, niliye mbali na Baltimore na Edinburgh, naweza kurudia kazi yao na kuihakiki. Bila hilo tunarudi kwa Angelo Mai: mmoja anasoma, wengine wanaamini.

Pili, vitu tunavyo. Ndani ya Ngome ya Yesu pale Mombasa kuna michoro ya ukutani ya askari na mabaharia wa Kireno, meli, makanisa na watu, iliyochorwa kwa makaa na ngeu. Makaa na ngeu! Ni mfano wetu wa juu kabisa: kimoja humeza infraredi, kingine huachia sehemu kubwa. Huko Lamu, msikiti wa Riyadha una hazina ya vitabu vya mkono ambavyo vimekwisha kupigwa picha za dijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Na katika nyumba nyingi za pwani zimo tenzi na barua kwa herufi za Kiarabu, zimewekwa sandukuni, chumvi ya bahari na mchwa wakizila pole pole.

Vingi kati ya hivyo havihitaji taa kumi na mbili. Vinahitaji kwanza kamera ya kawaida, meza iliyonyooka, mwanga mzuri na ruhusa ya mwenye nyumba. Ruhusa nimeiweka mwisho lakini ndiyo ya kwanza. Kitabu cha babu si data mpaka wajukuu waseme ni data, na nakala ya picha ibaki kwao kabla haijakwenda kwingine kokote. Shajara ya Nyangwe iko Uskoti, na ilibidi tungoje wengine waamue kuiweka wazi. Walifanya vyema, lakini tusipange mustakabali wetu juu ya wema wa wengine.

Baada ya picha za kawaida ndipo uchague kurasa chache zilizofifia kweli na kuzitafutia taa. LED za rangi finyu zinauzwa, programu za kuchakata picha ziko za bure, na hesabu mmeiona hapo juu. Kinachokosekana ni mtu anayejua kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kukaa meza moja na mtu anayejua kuandika msimbo. Kwa Livingstone aliyeongoza hakuwa mtu wa picha, alikuwa mtu wa fasihi aliyekuwa na swali. Watu wa picha walimfuata.

Kwa hiyo ukiwa mwanafunzi wa tarakilishi na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, acha kidogo mfumo mwingine wa kuweka nafasi za hoteli. Nenda kamwulize mwalimu wa madrasa au mzee wa mtaa ni ukurasa gani ambao amekuwa akitaka kuusoma na macho yanamkatalia. Anza na huo mmoja.

Hadi wakati mwingine.